Mchepuko wa Bi Mwanabibi

Kanzu za Faridi zilikuwa kwangu siku mama yake alipofariki. Nilikuwa nimezifua siku iliyotangulia, nikazitia bluu na wanga, na zilikauka vizuri kwa sababu nilizianika ndani. Siku hizo nilikuwa naanika ndani. Ukianika nje, nguo nyeupe ilikuwa haifiki adhuhuri kabla haijageuka rangi ya udongo.

Mkewe alinitumia ujumbe kwenye simu baada ya alfajiri. Bi Mwanabibi hatunaye, maziko baada ya alasiri, tafadhali kanzu za baba watoto na za wadogo zake ziwe tayari. Nikatia mkaa kwenye pasi. Nilizinyoosha zile kanzu kwa uangalifu kuliko kanzu yoyote niliyowahi kuishika, kola, mikono, mpaka pindo la chini. Nilitaka zing'ae.

Ukoo wetu na ukoo wa Faridi ni watani. Utani huo hatukuuanzisha sisi, tulizaliwa tukaukuta. Wao wakifiwa sisi tunakwenda kuwacheka, tunaficha sufuria za pilau, tunalala njiani jeneza lisipite mpaka tukombolewe kwa hela. Sisi tukifiwa wanakuja wao. Mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Bi Mwanabibi mwenyewe alikuwa bingwa. Mume wangu alipofariki, alivaa koti la marehemu na viatu vyake, akaja kukaa kwenye mkeka wangu akidai chai, "Mke wangu mbona unalia na mimi nimesharudi?" Nilicheka huku machozi yananitoka, na nadhani ndipo nilipoanza kupona. Mara nyingi alikuwa akiniambia, "Mwanne, nikifa mje mnicheke vizuri. Msinizike kama mgeni."

Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kwenda. Nilichokuwa nacho zaidi ya haki ni sababu.

Walipovunja soko la zamani la Nachingwea ili wajenge jipya la ghorofa, tuliitwa kwenye mkutano, tukasomewa mpango. Ulikuwa mpango mzuri, sina la kuusema. Malori ya kokoto na mchanga yangepita barabara ya maghala, ambayo ni pana na nyumba zake zimekaa mbali na njia. Yangeingia kwa zamu, si yote kwa pamoja. Lori linalosubiri zamu lingezima injini. Boza lingemwaga maji vumbi lilale. Na saa ambazo watoto wanakwenda shule na kurudi, hakuna lori. Tulipiga makofi. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Faridi.

Haikupita muda, msimu wa minada ya korosho ukakaribia, na wanunuzi wakaanza kuja. Faridi ana nyumba ya wageni kwenye barabara ile ya maghala. Asubuhi moja nikakuta pipa limepakwa rangi nyeupe na nyekundu limesimama mwanzo wa mtaa wetu, na kibao cha bati kimeegemezwa hapo: NJIA IMEFUNGWA, PITA KULE. Mshale ulielekea kwetu. Mtaa wetu ni mwembamba, nyumba zimegusa njia, na madirisha mengi ni ya wavu mtupu. Malori yakahamia kwetu, ila zile kanuni zilibaki kule kwenye barabara ya maghala. Hakukuwa na zamu wala maji, na injini hazikuzimwa.

Lori la mbele lilikuwa linasimama mbele ya dirisha la chumba alicholala Hafidha.

Hafidha ni mwanangu, yuko darasa la tatu. Ana pumu tangu mdogo, lakini ilikuwa pumu ya kuja na kuondoka. Malori yalipoanza, ikawa haiondoki. Kile kichupa chake cha kuvuta dawa, kilichokuwa kinakaa muda mrefu, kikawa kinaisha upesi. Hospitali wakaniambia kati ya hivi viwili nitoe kimoja, moshi au mtoto. Moshi sikuwa na uwezo nao. Nikampeleka mtoto Narung'ombe, huko Ruangwa, kwa mdogo wangu Mwamini anayelima ufuta. Kila jioni alikuwa ananipigia kwa simu ya mama yake mdogo, na swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo.

"Mama, malori yameondoka?"

"Bado, mwanangu."

"Basi," anasema, halafu ananihadithia habari za mbuzi.

Mimi si mwepesi wa kumhukumu mtu. Nilijiambia labda Faridi hajui. Nikaenda kwake, nikamkuta barazani na wenzake wa kamati, nikamweleza taratibu kuanzia mwanzo: lori linaposimama, dirisha lilipo, mtoto aliko sasa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawageukia wenzake.

"Mnamsikia mtani wangu? Eti na wao wanapumua. Mimi nilidhani hawa wamekula vumbi tangu kwa babu yao, wakilikosa wanaugua."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Nikarudi nyumbani.

Nilijiambia labda nimechagua siku mbaya. Nikaenda tena, safari hii yuko peke yake, nikamwambia, "Faridi, weka utani pembeni. Mtoto wangu anakosa hewa."

"Mtani hawekwi pembeni," akasema akitabasamu. "Ngoja soko liishe. Utauza maji baridi kwa madereva, utatajirika, utanisahau."

Hapo nilielewa. Alikuwa anajua kila kitu. Alikuwa amejificha ndani ya utani kama mtu anavyojificha nyuma ya mlango, na alijua siwezi kuugonga. Ningekasirika, watu wangeniambia Mwanne hajui mila. Nikamuaga vizuri. Nikaendelea kumfulia kanzu zake. Sikumwambia mtu lolote, na sikuwa na haraka.

Ndipo Bi Mwanabibi akafariki, mwanamke niliyempenda.

Asubuhi ile nilizipeleka kanzu mwenyewe, nimezikunja ndani ya shuka safi. Nikaingia kwa wanawake, nikalia. Nililia kweli. Baadaye nikawafanyia mambo madogo ya kawaida, nikaficha mwiko, nikakaa mahali pa mkwe wao nikakataa kuondoka, wakacheka na kunisukuma. Shangazi yao mmoja akasema, "Mwanne, leo huna nguvu. Umezeeka?" Nikamwambia nguvu naziweka akiba.

Baada ya adhuhuri nikarudi mtaani kwangu. Malori yalikuwa yamepanga foleni kama kawaida. La mbele lilikuwa la Selestini, kijana wa kutoka upande wa Masasi, dereva mpole ambaye mashati yake pia nilikuwa nafua. Kwa kawaida alikuwa hazimi injini kwa sababu stata ya lori lake ilikuwa imekufa, akizima lazima asukumwe. Na ekzosi yake ilikuwa inatoa moshi mweusi kama sufuria ya lami.

"Selestini," nikamwambia, "leo msiba utapita hapa."

"Pole, dada. Wa nani?"

"Mama yake mwenyekiti. Msiba ukipita, usizime."

Akanitazama. "Dada, msiba ukipita sisi huwa tunazima. Hata kama stata imekufa. Watu watanisukuma baadaye."

"Leo usizime. Na wenzako waambie wasizime. Wafanye kama wanavyofanya siku zote, wala wasiongeze kitu."

Akawa anachezea kitambaa chake cha kufutia mikono. "Hili ni jambo la utani wenu?"

"Ndiyo."

"Mimi simo kwenye utani wenu, dada Mwanne."

"Kwani nimekuuliza kama umo?" nikasema. "Mwanangu alikuwa analala nyuma ya hilo dirisha. Bomba lako linatazama kitanda chake. Sijawahi kukulaumu hata siku moja. Nimekulaumu?"

"Hapana, dada."

"Basi leo usizime."

Hakuzima.

Nikaenda mwanzo wa mtaa nikalibiringisha lile pipa mpaka barabara ya maghala, ambayo ndiyo njia ya makaburini. Nikarudi kuchukua kile kibao cha bati. Nikakata matawi ya mkorosho, nikayatandika barabarani kama madereva wanavyofanya gari likiharibika. Pipa katikati, kibao juu ya pipa, mshale umeelekea mtaani kwetu. Mimi nikajifunga kanga kiunoni nikakaa mbele ya pipa.

Walitoka msikitini baada ya swala. Wanaume wengi, maana Bi Mwanabibi alijuana na watu. Faridi alikuwa mbele pamoja na wadogo zake, bega chini ya jeneza, na kanzu zao zilikuwa zinaumiza macho kwa weupe. Niliziona kwa mbali nikasema moyoni, kazi nzuri.

Waliponifikia wakasimama. Mzee mmoja akasoma kibao kwa sauti, na kicheko kikaanza nyuma kikaja mpaka mbele.

"Njia imefungwa," nikasema. "Piteni kule."

"Mtani," akasema Faridi. Macho yake yalikuwa mekundu ya kulia, lakini alitabasamu. "Makaburi yako hapo mbele. Unayaona."

"Nayaona. Lakini kuna wageni wananunua korosho, hawapendi kelele za misiba. Piteni kule, ni kwa muda tu."

Watu wakacheka zaidi. Wengi wao waliishi mtaani kwetu au walikuwa na ndugu hapo, wakacheka kwa namna nyingine. Faridi alisikia tofauti hiyo. Tabasamu lake halikuondoka, lilibaki mahali pake kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Akatia mkono mfukoni.

"Sitaki hela," nikasema. "Mchepuko haununuliwi."

Shehe akasema maiti hacheleweshwi, mama acha mzaha. Wazee wakamjibu kabla yangu. Mmoja akamwambia, "Shehe, huyu ni mtani wao. Marehemu mwenyewe alifunga njia nyingi kuliko hii. Tugeuke, ni hapo tu." Jeneza likageuka.

Nilipita uchochoroni nikawahi kusimama mlangoni kwangu.

Mtaa wetu ukiwa na malori upande mmoja, nafasi iliyobaki inatosha watu watatu kwa ubavu. Wakaingia hivyo, wamebanana. Mwanzo walikuwa wanaleta shahada kwa sauti nzuri ya pamoja. Wakalipita lori la mwisho, wakalipita linalofuata. Injini zote zilikuwa zinanguruma. Sauti ikaanza kukatika. Mtu mmoja akakohoa, wengine wakafuata, na nusu ya shahada ikawa kikohozi. Halafu lori lililokwisha kumwaga mzigo likatoka sokoni linarudi, likawakuta katikati, na vumbi lote la mtaa likanyanyuka. Dereva akasimama, hakuwa na pa kurudi nyuma. Wao nao hawakuwa na pa kurudi.

Wakasimama hapohapo, jeneza begani, mbele ya dirisha la Hafidha.

Sikufanya kitu. Nilitazama tu. Niliona moshi wa Selestini ukiwafunika mpaka kifuani na vumbi likiwashukia kutoka juu, na kanzu nilizozifua kwa mikono yangu zikaanza kubadilika rangi, kwanza mabegani, kisha mikono. Shehe aliziba pua kwa kilemba. Mdogo wake Faridi akampisha mtu mwingine begani, akaenda kuegemea ukuta wangu, amejishika magoti. Faridi hakumpisha mtu. Alikuwa anakohoa huku amelishika jeneza la mama yake, machozi yanamchuruzika na kuacha njia kwenye vumbi la mashavu, na hakuna ambaye angeweza kusema ni machozi ya nini.

Nikamsogelea. Nilikuwa na kile kichupa cha Hafidha mkononi, kilichoisha. Nikakiinua mbele ya uso wake.

"Hiki ni cha mwanangu," nikasema, taratibu, maana sijui kupaza sauti. "Vuta, mtani. Ah, kumbe kimeisha. Vinaisha haraka mtaa huu."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa hawana pumzi ya kucheka.

"Unataka nini, Mwanne?" akasema. Hakuniita mtani.

"Jikomboe."

"Nimekuuliza unataka nini."

"Nataka malori yarudi mlikosema mkutanoni. Yaje kwa zamu. Yakisubiri yazime. Maji yamwagwe. Hayo yote mliyasoma wenyewe, mimi sijaongeza neno. Sema hapa, mama yako akiwa begani kwako, na watu hawa wanasikia."

Alinitazama kwa muda. Nilijua anachokitafuta usoni kwangu. Alikuwa anatafuta ule mkunjo mdogo wa mdomo ambao mtani huwa nao, unaosema tunacheza. Nadhani angeuona angenisamehe papo hapo, na mimi ningeweza kuuweka. Sikuuweka.

"Nimesema," akasema.

"Hawajakusikia nyuma."

"Malori yatahama," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Kuanzia kesho. Wallahi."

Nikamgeukia Selestini nikamwashiria kwa mkono. Akazima. Nyuma yake wakazima wengine mmoja baada ya mwingine mpaka mtaa ukawa kimya kabisa, kimya ambacho tulikuwa tumekisahau. Lori lililokuwa njiani likasogezwa ukutani, likakata ukingo wa baraza ya jirani. Jeneza likapita. Vijana wa mtaa wakabaki kumsukuma Selestini.

Malori yalihama kesho yake. Siwezi kumsingizia Faridi, alitimiza yote. Lile pipa lilirudishwa mtaani kwetu, ila kibao kikageuzwa kuelekea kwingine. Boza likaonekana asubuhi na jioni kwenye barabara ya maghala, na madereva wakafokewa wakiacha injini inawaka. Kumbe lilikuwa jambo linalowezekana. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwamba lilikuwa linawezekana tangu siku ya kwanza. Nilianika kanzu za watu nje, zikakauka nyeupe.

Hafidha alipopiga jioni ile akauliza kama kawaida, nikamjibu yameondoka. Akasema, "Kweli au unanitania?"

"Kweli."

Mwamini alimleta kwa basi la kutoka Ruangwa, na kuku wawili na ufuta wa kutosha mtaa mzima. Usiku wa kwanza mtoto alilala dirisha likiwa wazi. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikamsikiliza. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka, haina filimbi.

Arobaini ya Bi Mwanabibi ilipofika nilivaa vizuri nikaenda. Mtani anatakiwa arobaini, ndiye anayemaliza msiba kwa fujo zake. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua watanirudishia. Nilidhani watanimwagia majivu au watanifungia chooni, au watamleta mtu na debe la moshi wa makuti wamfukuzie puani kwangu. Njiani nilikuwa nawawazia majibu.

Faridi alikuwa mlangoni anapokea wageni. Aliponiona akasimama wima, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu, mama Hafidha. Tunashukuru umefika. Mtoto hajambo?"

"Hajambo," nikasema. "Na wewe mchoyo, nyama umeificha wapi leo?"

Aliinamisha kichwa kidogo. "Mleteeni mama Hafidha kiti," akawaambia waliokuwa ndani. "Kile kizuri."

Wakaniletea kiti. Wenzangu wote walikuwa wamekaa mkekani. Mkewe akanimiminia maji ya kunawa, akanisubiri nimalize, akanipa taulo. Sahani yangu ikaja ya kwanza, nyama imejaa juu yake. Nikanyakua mwiko kwenye sinia la jirani, nikasema nautaifisha. Mwanamke aliyekuwa nao akautazama mkono wangu, akasema, "Chukua tu, mama, tuna mwingine." Yule shangazi yao aliyeniambia nimezeeka alikuwa amekaa karibu nami. Akaniuliza kama mvua zimeanza upande wa kwetu. Tunaishi mji mmoja.

Nilikula. Chakula kilikuwa kizuri. Nikaaga, wakanisindikiza mpaka barabarani, kama mgeni aliyetoka mbali, wakaniombea dua ya safari.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, upande wake na upande wangu. Najua walichonifanyia, na najua alinifanyia makusudi, kwa hesabu ileile niliyoitumia mimi kwenye kanzu zake. Watu wa ukoo wangu wananilaumu. Wanasema siku wakifa wao hakuna atakayekuja kuvaa koti lao na kudai chai. Hilo ni kweli, na mimi pia sitakuwa na wa kunicheka. Nitazikwa kimya.

Lakini wanaponiambia niende nikamwombe radhi, nawauliza aliyeanza kuuficha ubaya ndani ya utani ni nani. Wakirudi kesho kunishauri nawauliza tena.

Niliporudi kutoka arobaini, Hafidha alikuwa uani anarukaruka kamba yangu ya kuanikia aliyoifungua bila ruhusa. Alikuwa ameruka kwa muda, uso umelowa jasho.

"Walikutania, mama?"

"Walinikirimu."

"Ndiyo nini?"

"Walinipa kiti," nikasema. "Endelea kuruka."

Akaendelea. Nikakaa kwenye kizingiti nikamhesabia kwa sauti mpaka nikachoka mimi, yeye bado anaruka.